Msiba wa taifa ukikukuta ugenini: mwongozo kamili, tangu saa ya kwanza hadi siku ya kurudi

Nilikuwa uwanja wa ndege nikisubiri ndege ya kuunganisha. Televisheni iliyoning'inia juu ya viti ilikuwa imezimwa sauti. Nikaona ramani ya nchi yangu. Kabla sijasoma neno hata moja moyo ulishatambua, maana nchi kama yetu haiwekwi kwenye habari za ugenini siku ya amani.

Msiba wenyewe sitautaja. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yeyote ambaye taifa lake litapatwa naye hayupo: tetemeko, meli kuzama, shambulio, moto, kifo cha kiongozi. Siku ile nilikosea mengi. Nilipiga simu mfululizo mpaka chaji ikaisha. Nilisambaza video ambayo kesho yake ilibainika kuwa ya nchi nyingine na ya miaka mingi nyuma. Katika siku tatu nililala saa chache mno. Na muda wote nilijiona msaliti kwa kuwa mzima, nimekaa kwenye kiti safi, nimeshika kikombe cha chai.

Hatia hiyo ya kuwa mbali ndiyo inayowaharibia wengi siku zao za kwanza. Lakini aliye mbali ana vitu ambavyo walio ndani ya msiba wamenyang'anywa kwa saa hizo: umeme, mtandao, mahali pa kulala, kichwa kisichozingirwa na vumbi na ving'ora. Hivyo ndivyo vya kutoa. Hatua zifuatazo zinahusu namna ya kuvitoa, na namna ya kuomboleza bila kuvimaliza.

Hatua ya kwanza: watafute wako, kwa maandishi

Usianze na habari. Anza na watu wako. Chukua karatasi, andika majina ya wale ambao ungependa kujua hali yao kabla hujalala. Yasizidi kumi. Karatasi ni muhimu kwa sababu akili iliyoshtuka husahau. Mimi nilimpigia mtu mmoja mara sita nikamsahau kabisa mwingine aliyekuwa karibu zaidi na tukio.

Kisha tuma ujumbe mfupi, usipige. Msiba mkubwa ukitokea kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja na mitambo huzidiwa. Simu ya sauti inahitaji njia iwe wazi muda wote wa mazungumzo, lakini ujumbe wa maandishi ni mdogo, unaweza kusubiri na kupenya pale nafasi inapopatikana. Simu yako ya kutaka kusikia sauti ya dada inaweza kuwa ndiyo inayoziba njia ya mtu anayeita gari la wagonjwa.

Andika sentensi fupi inayojibika kwa neno moja: "Uko salama? Jibu ndiyo au hapana tu." Usimuulize mtu aliye katikati ya taharuki akusimulie. Chaji yake ni ya thamani kuliko udadisi wako.

Chagueni mtu mmoja wa kukusanya taarifa za ukoo mzima, na hapa ndipo wewe uliye mbali unafaa kuliko wote. Una umeme. Weka alama mbele ya kila jina kwenye karatasi yako, andika na saa uliyopata jibu, halafu wapelekee wengine orodha moja badala ya kila mmoja kuuliza upya. Familia yangu ilifanya hivyo siku ya pili, na ghafla simu zikapungua na watu wakaanza kupumua.

Kama siku zinapita na jina moja halina jibu, kuna njia rasmi. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, vina huduma ya kuwatafuta ndugu waliopoteana. Kazi hiyo ina asili ya tangu mwaka 1870, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia, ofisi ilipofunguliwa mjini Basel, Uswisi, kuwaunganisha wanajeshi na jamaa zao. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 kamati hiyo ilifungua tovuti maalumu ambako watu waliweza kuandika jina la wanayemtafuta au kujitangaza kuwa wako hai. Unaweza kuanza kwa kwenda kwenye ofisi ya chama hicho katika nchi uliyopo, ukiwa na jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho.

Hatua ya pili: jipimie habari kama dawa

Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu katika wiki zilizofuata, wakakuta kwamba waliotumia saa 6 au zaidi kwa siku kufuatilia habari za tukio hilo katika wiki ya kwanza walikuwa na dalili za msongo mkali kuliko hata waliokuwepo eneo la tukio. Nilipousoma utafiti huo nilizielewa siku zangu tatu. Kumbe sikuwa nikiomboleza. Nilikuwa nikijirudishia kidonda kila dakika.

Kwa hiyo jiwekee nyakati: asubuhi, mchana, jioni, kila mara kama nusu saa. Chagua vyombo viwili unavyoviamini, kimoja cha nyumbani na kimoja cha nje. Cha nyumbani kinajua majina ya vijiji na barabara. Cha nje wakati mwingine kinasema ambalo cha nyumbani hakijathubutu. Usiku weka simu mbali na kitanda, isipokuwa unamsubiri mtu maalumu; hapo zima arifa zote, acha mlio wa mtu huyo tu.

Idadi za siku ya kwanza usizibebe kama ukweli. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, wiki mbili baadaye makadirio ya waliokufa na kupotea yalikuwa yamepita 6,000. Hesabu ya mwisho ya waliouawa ni 2,977. Tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004 ilikwenda kinyume: tarakimu zilianza chini zikapanda kila siku hadi kupita 220,000. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kuwahesabu wafu ni kazi ya polepole, hasa pale waliohesabiwa kuwa wamepotea wanapokutwa hai, au vijiji vizima vinapokosa mtu wa kuripoti.

Kabla ya kusambaza picha au video, uliza mambo matatu: nani aliipiga, lini, na je, ndugu wa anayeonekana humo wameshaambiwa? Swali la tatu ndilo zito. Kuna watu wamejua kifo cha mzazi wao kutoka kwenye picha iliyosambazwa na mtu aliyedhani anaonyesha uchungu. Picha ya maiti usiisambaze. Hata ukiwa na nia njema, usiisambaze.

Hatua ya tatu: ubalozi, tiketi na karatasi

Hapa ni kwa ufupi. Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kibalozi wa mwaka 1963 unataja kuwasaidia raia kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi mdogo, kwa hiyo usione haya kuwasiliana nao hata kama hujapotelewa na mtu. Jiandikishe kwamba upo katika nchi hiyo. Uliza kama viwanja vya ndege vya nyumbani vinafanya kazi, kama kuna kitabu cha maombolezo, na kama wananchi wenzako wanakutana. Soma masharti ya bima yako ya safari kabla ya kubadili tiketi. Mara nyingi bima hutazama kifo au ugonjwa wa jamaa wa karibu, na huzuni ya taifa haimo. Lipigie shirika la ndege, kwa sababu katika misiba mikubwa wakati mwingine huruhusu mabadiliko ya tarehe bila ada, lakini ruhusa hiyo huwa na mwisho wake.

Hatua ya nne: kurudi au kubaki

Swali hili litakukaba usiku wa kwanza. Usilijibu usiku huo.

Ukilijibu, lijibu kwa vitendo. Je, kuna mtu wa kuuguza, wa kuzika, wa kulelea watoto, na wewe ndiye wa kufanya hivyo? Nenda. Je, una ujuzi unaohitajika na kuna taasisi iliyokuita kwa jina? Nenda. Je, unataka kwenda ili uache kujisikia vibaya? Subiri. Nchi iliyo kwenye msiba ina vitanda vichache, magari machache na maji machache, na anayefika bila kazi anaongeza mdomo mmoja. Mimi nilibaki. Ilinichukua mwaka mzima kuacha kujitetea kwa uamuzi huo, na leo naona ulikuwa sahihi: ukoo ulikuwa na watu wa kutosha wa kukaa msibani, ila haukuwa na mtu wa kushughulika na karatasi, benki na simu za nje.

Wakati mwingine uamuzi haumo mikononi mwako. Anga la Marekani lilipofungwa tarehe 11 Septemba 2001, ndege 38 za abiria zilizokuwa zikivuka Atlantiki zilielekezwa kutua Gander, mji mdogo wa kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada. Zaidi ya watu 6,000 walishuka katika mji wenye wakazi takriban 10,000. Wenyeji waliwalaza kwenye shule, kumbi na nyumba zao, wakawapikia kwa siku kadhaa. Walikuwemo Wamarekani ambao nchi yao ilikuwa inafuka moshi, nao hawakuwa na la kufanya ila kukubali blanketi la mgeni. Kukubali ni kazi pia, na ni ngumu kwa mtu aliyezoea kutoa.

Hatua ya tano: watu wa pale ulipo

Jambo litakalokuumiza bila wewe kulitarajia ni kwamba pale ulipo maisha yanaendelea. Watu wanacheka kwenye mabasi. Mhudumu anakutakia siku njema. Usiwachukie. Na kwao kumewahi kutokea siku ambayo wewe ulicheka kwenye basi.

Andaa sentensi moja na uizoee, maana utaulizwa unatoka wapi na sura yako itabadilika: "Natoka nchi fulani, tuko kwenye msiba, naomba leo nisilizungumzie sana." Inatosha. Kama upo kazini au masomoni, mwambie mkuu wako mapema, kwa maandishi mafupi, ukitaja unachohitaji: siku mbili, au ruhusa ya kuacha simu wazi wakati wa mkutano. Usisubiri wakisie. Huenda habari ya nchi yako ilipita mbele yao kwa sekunde ishirini kisha ikaja ya michezo.

Watakuwepo wa kusema vibaya. Mtu atakuuliza "huko kwenu mambo haya ni ya kawaida, siyo?" Unaweza kujibu kwamba aliyekufa hakuwa wa kawaida kwa mama yake, kisha ukaondoka. Huna deni la somo la historia kwa mtu wa namna hiyo siku hiyo.

Na watakuwepo wa kukushangaza kwa wema. Msafishaji wa hoteli niliyofikia, ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja, aliona bendera kwenye simu yangu, akaweka mkono kifuani, akanyamaza. Sijapata rambirambi nyingine iliyonifikia kama ile.

Hatua ya sita: mkono wa rambirambi

Toa pesa, na utoe kwa unaowajua. Nguo za mitumba na maboksi ya vyakula kutoka mbali hufika vikiwa vimechelewa, huziba bandari na maghala, na humtafutia mtu aliyechoka kazi ya kuchambua. Damu unayotoa ugenini kwa kawaida humsaidia mgonjwa wa huko huko. Itoe kwa nia hiyo, ukijua haitavuka bahari.

Matapeli huamka mapema kuliko wote. Ndani ya saa chache hujitokeza akaunti zenye picha za watoto na namba ya kutuma mchango. Usitume kwa namba uliyoletewa kwenye kundi bila kumjua mwenye nayo kwa sauti. Tumia njia iliyotangazwa na chama cha Msalaba Mwekundu, na nyumba ya ibada unayoijua, au mpe moja kwa moja familia iliyofiwa. Na bakiza. Wiki ya kwanza michango hufurika. Mwezi wa nne, wenye viungo vilivyokatika bado wanahitaji nauli ya kliniki na hakuna anayepiga simu. Mimi sasa hugawa nilicho nacho mara mbili, nusu siku ile, nusu baada ya miezi minne, na naiweka tarehe kwenye simu ili nisisahau.

Hatua ya saba: upe mwili namna ya kuomboleza

Huzuni isiyo na tendo hugeuka ugonjwa wa tumbo, au hasira kwa mtu asiye na kosa. Tafuta tendo. Vaa kama ambavyo ungevaa nyumbani. Nenda msikitini, kanisani, hekaluni, hata kama ibada ni ya lugha usiyoijua. Kama nyumbani wametangaza dakika ya kimya, badilisha saa kwa uangalifu usimame nao, popote ulipo, hata kwenye ngazi za ofisi. Tia sahihi kitabu cha maombolezo na uandike jina la mtu au mahali, usiandike tu "pumzikeni kwa amani".

Mtafute mwananchi mwenzako, hata mmoja. Mtu mnayechangia wimbo wa taifa hahitaji kuelezwa. Na umbali wenyewe una mambo yake: Mwalimu Julius Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas, London, Watanzania waliokuwa ughaibuni katika jiji hilo ndio waliokuwa karibu na msiba, na nchi nzima ndiyo iliyokuwa mbali ikingoja mwili. Nikiwaza hilo naacha kupima huzuni kwa kilomita.

Hatua ya nane: andika

Hatua hii naomba usiiruke, hata kama hujawahi kuandika zaidi ya orodha ya sokoni. Kumbukumbu ya walio mbali hufutika haraka kwa sababu hawana mahali pa kuifunga: hawakuona moshi, hawakushika jeneza. Baada ya miaka mitano hukumbuka tu kwamba waliona kwenye simu.

Anza na saa mbili tofauti. Ya kwanza ni saa ya tukio. Ya pili ni saa yako, ile uliyojua. Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George VI wa Uingereza alifariki usingizini Sandringham, wakati binti yake Elizabeth yuko Kenya, amelala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti. Kwa saa kadhaa alikuwa malkia bila mwenyewe kujua, mpaka mumewe Philip alipompa habari wakiwa Sagana. Kila aliye safarini ana saa kama hizo: wakati nchi imeshabadilika, nawe unachagua soksi. Andika ulichokuwa ukifanya katika muda huo. Kwangu nilikuwa nikinunua pipi kwa ajili ya watoto wa kaka yangu. Kwa muda mrefu niliionea haya pipi ile. Sasa ni sentensi ya kwanza ya daftari langu.

Kuwa mwangalifu na hesabu ya saa. Kiswahili huanza kuhesabu mchana jua linapochomoza, tiketi na habari za nje huanza usiku wa manane, na kati ya nchi mbili kuna tofauti nyingine tena. Andika zote: "saa nne usiku kwetu, 22:00 kwenye tiketi, kwangu ilikuwa jioni bado jua halijazama." Baadaye utashukuru.

Kisha andika vitu, usiandike hisia. Rangi ya kiti. Harufu. Maneno kamili ya ujumbe wa kwanza ulioupata, pamoja na makosa yake ya herufi. Nani alikuwa jirani yako. Hisia zitakuja zenyewe zikiona zimeandaliwa mahali pa kukaa. Ukiandika "nilihuzunika sana" ukurasa unafungwa. Ukiandika kwamba ulishindwa kukumbuka namba ya chumba chako ukakaa koridoni, unafunguka.

Tenganisha ulichokiona, ulichosimuliwa na ulichosoma. Mimi hutumia pembe ya ukurasa: herufi N kwa nililoshuhudia, S kwa nililosimuliwa, G kwa la magazetini. Usijipe ushahidi usio wako. Siku hiyo hukuwepo, na tafakari yako ina thamani kwa sababu hiyo hiyo: ni ya aliyekuwa ng'ambo ya kioo. Ukigundua baadaye kwamba jambo ulilosoma halikuwa kweli, usifute. Andika sahihisho pembeni na tarehe yake, ili yeyote atakayesoma aone pia jinsi uvumi ulivyokutembelea.

Andika siku ya kwanza, siku ya saba, siku ya arobaini, na mwaka ukitimia. Siku ya saba ndiyo iliyonishinda. Niliandika mstari mmoja. Uache ulivyo. Na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, toa majina ya waliofiwa ambao hawakukupa ruhusa.

Hatua ya tisa: kurudi

Utarudi na huzuni mbichi ukute ya wenzako imeshaiva. Wameshazungumza, wameshalia, wengine wamechoka na hawataki tena. Hilo ni pigo la pili, na wengi hawaambiwi. Usidai usimuliwe. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unasisitiza jambo hilo: msikilize anayetaka kusema, usimlazimishe asiyetaka. Keti tu. Osha vyombo. Wapeleke watoto shule.

Nenda kwa waliofiwa hata kama miezi imepita; rambirambi iliyochelewa haikataliwi. Nenda pia mahali penyewe, ila si siku ya kwanza wala si peke yako. Nairobi, kiwanja ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo na ule wa Dar es Salaam ulilipuliwa na watu 224 wakauawa katika miji hiyo miwili, leo ni bustani yenye ukuta wa majina. Mahali kama hapo, soma majina kwa sauti ya chini, machache tu, usisome yote. Piga picha ukitaka, baada ya kusoma.

Kaka yangu sikumuuliza kitu. Jioni ya nne nilimsomea ukurasa wa kwanza wa daftari langu, ule wa pipi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia saa niliyoandika si sahihi: haikuwa saa nne, ilikuwa saa nne kasorobo, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ametazama saa ya ukutani. Kisha akaendelea kusema, mpaka taa ya barabarani ikawaka. Sahihisho lake nimeliandika pembeni, kwa wino wa rangi nyingine, na tarehe.